Bawa lisilo na mkia na uongo wa asilimia mia

Kwa anayerusha ndege ya rimoti pwani ya Jambiani maji yakishakupwa, bawa tupu la foamu ndilo chombo kinachofaa: halina mkia wa kuvunjika. Lina vibao viwili tu nyuma, yaani elevoni, kila kimoja na sevo yake, yaani mota ndogo inayokisukuma. Rimoti huchanganya amri ya kupanda na kushuka na ile ya kulala ubavu, na juu ya kuchanganya huko watu wanaambiana mengi yasiyo kweli.

La hatari zaidi ni hili: "Weka asilimia 100 kila amri, ndege itii upesi." Sevo ina mwisho wake. Vuta fimbo yote nyuma, elevoni zote mbili zimeshapanda hadi kikomo. Sasa ipeleke kushoto: ya kushoto inatakiwa ipande tena, haina pa kwenda, ya kulia inarudi katikati tu. Umepata nusu ya kulala na umepoteza nusu ya kupanda, tena pale unapozihitaji zote, kusi likikusukuma kwenye minazi. Jumla isizidi 100: mimi huanza na 60 ya kulala na 40 ya kupanda, kwani bawa fupi halitaki kuvutwa sana. Ukitaka mwendo zaidi, sogeza waya kwenye tundu la nje la mkono wa sevo. Kisha, kabla ya kurusha, peleka fimbo pembe zote nne huku ukitazama vibao.

Wengine, wakiona ndege inapanda sawasawa lakini inalala kinyume, hugeuza sevo zote mbili. Hapo kupanda nako kunageuka! Jaribu kwanza kubadilishana plagi mbili za sevo kwenye risiva, yaani kipokezi cha amri ndani ya ndege, kisha tazama vibao tena.

Eti pia lazima rimoti ya bei. Kuna kisanduku kidogo cha kuchanganya kinachokaa kati ya risiva na sevo. Hata Beechcraft Bonanza ya 1947, ndege kamili yenye mkia wa V, ilichanganya amri kwa vyuma na nyaya tu.

Na kwa ndege zenye mkia: eleroni, yaani vibao vya bawa vya kulaza ndege ubavu, hazipaswi kupanda na kushuka sawa. Inayoshuka huongeza mnyanyuo, na pamoja nao ukinzani wa hewa, ikavuta pua nje ya kona. Ipe inayopanda mwendo mkubwa zaidi. Lakini ukiwa umeziunga sevo mbili kwa waya wa panda (wenye umbo la Y) kwenye chaneli moja, yaani njia moja ya amri, rimoti haiwezi kuzitofautisha. Kila moja ipewe chaneli yake.