Mtiririko wa maji kwenye kompyuta: maana yake, na pampu ipi inatosha

Kijana mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, anayehariri video za harusi, alinijia na boksi la pampu kwapani. "Shikamoo, mjomba. Hapa wameandika lita 800 kwa saa, na kompyuta bado inachemka. Ninunue ya 1,500?"

Nikamwambia asinunue kitu kwanza.

Mtiririko ni ujazo wa maji yanayopita mahali kwa muda fulani. Hupimwa kwa lita kwa dakika au kwa saa. Wamarekani wanatumia galoni, na galoni yao moja ni karibu lita 3.8. Kwenye kompyuta inayopozwa kwa maji, maji hutoka kwenye tangi dogo, husukumwa na pampu, hupita ndani ya bloku ya shaba iliyoikalia prosesa (ubongo wa kompyuta, unaotoa joto), huenda kwenye rejeta yenye feni, kisha hurudi tangini. Rejeta ni ileile anayoijua fundi gari, umbo tu ndilo dogo.

Sasa tatizo la boksi. Huwa lina namba mbili: lita kwa saa, na mita. Mita ndiyo hedi, yaani kimo ambacho pampu inaweza kupandisha maji kabla hayajagoma. Wasichokwambia ni kwamba namba hizo mbili huzipati kwa wakati mmoja. Lita 800 unazipata mpira ukiwa wazi, hakuna kinachozuia. Zile mita unazipata maji yakiwa yamesimama kabisa, hata tone halipiti. Pampu yako ikiwa kazini iko mahali fulani katikati, na ni vizuizi vya mzunguko wako vinavyoamua wapi.

Aliyewahi kununua pampu ya kupandisha maji kwenye simtanki analijua hili hata kama hajawahi kulipa jina. Chini, ndoo inajaa mara moja. Juu ya paa la ghorofa, pampu ileile inachuruzisha. Lakini hapa ndipo wengi hupotea, maana wanabeba hesabu ya simtanki na kuileta kwenye kompyuta, wanaanza kupima urefu wa meza. Mzunguko wa kompyuta umefungwa. Ukishajaa na hewa ikatoka, maji yanayopanda upande huu yanashuka upande ule, uzito wao unasawazishana, na kimo hakihesabiki tena. Kinachokula nguvu ya pampu ni msuguano: vijia vya ndani ya bloku, vyembamba kuliko nafasi za meno ya kitana, halafu rejeta, halafu kila kona uliyoweka kwa kupenda urembo.

Na msuguano ni mkali. Ukitaka maji yapite mara mbili ya sasa, msukumo unaotakiwa unakaribia mara nne. Ndiyo maana pampu ya lita 1,500 haikupi karibu mara mbili ya ile ya 800. Mimi hutazama hedi kwanza, lita baadaye. Chukua pampu mbili ambazo wajenzi wa kompyuta wanazijua sana, zote za ukoo wa Laing ya Ujerumani: D5 hutangazwa kwa lita 1,500 hivi kwa saa na hedi isiyofika mita 4, DDC lita zake ni pungufu, lakini aina zake zenye nguvu zaidi hedi yao hufika karibu mita 5. Mzunguko wenye bloku mbili na rejeta nyembamba unaweza kuipenda DDC, japo ina lita chache kwenye boksi.

Kiasi gani kinatosha? Hesabu yake ni fupi. Lita moja ya maji inahitaji joto la takriban jouli 4,190 ili ipande nyuzi 1. Kompyuta ikitoa wati 400 na maji yakapita lita 3 kwa dakika, yanatoka yakiwa yamepanda nyuzi 2 tu. Ongeza hadi lita 6, yanapanda nyuzi 1. Umehangaika na kelele za pampu ukaokoa nyuzi moja. Shuka hadi lita 1, hapo yanapanda karibu nyuzi 6, na hilo utalihisi. Kwa hiyo lita 3 hadi 5 kwa dakika zinawatosha wengi.

Halafu kuna joto letu. Pampu ni hamali: inatoa mzigo kwenye prosesa na kuupeleka kwenye rejeta. Haiupunguzi. Februari, chumba cha Tanga kikiwa nyuzi 32, hakuna pampu itakayoshusha maji chini ya hapo. Anayeona maji yake yanazidi 45 aongeze rejeta au feni, au afungue dirisha.

Tukapima. Kompyuta imezimwa, pampu pekee inapewa umeme wake, mpira unaorudi tangini tukauchomoa na kuuelekeza kwenye jagi la lita moja. Jagi liwe sawa na usawa wa maji ya tangi, vinginevyo mteremko utakudanganya. Mwenzako aongeze maji tangini bila kuacha, kwa sababu pampu hizi hulainishwa na maji yenyewe. Ikizunguka kavu, inakufa. Simu ikahesabu: sekunde 50. Lita 1.2 kwa dakika, sawa na 72 kwa saa, kutoka pampu ya 800.

Tukafungua bloku. Vijia vilikuwa vimezibwa na utando wa kijani. Alikuwa amejaza maji ya bomba. Tukaisugua kwa mswaki laini, tukajaza maji ya betri, yale safi yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake (angalia chupa vizuri dukani, tindikali ya betri nayo huwa rafu hiyohiyo), pamoja na dawa kidogo ya kuzuia ukungu.

Jagi likajaa kwa sekunde 17. Boksi la pampu akarudi nalo nyumbani.