Ngozi ya kaka kwenye mgongo wa dada

Juzi nilikuwa Ujiji kwa shangazi. Alikuwa barazani anapepeta dagaa, akaniuliza: "Mwanangu, watoto wa tumbo moja, kwa nini mwili wa mmoja uikatae figo ya mwenzake?"

Nikamjibu kwa habari za panya, maana kupima ukataaji ndiyo kazi yangu. Tunatumia panya weusi waitwao C57BL/6, ukoo uliozalishwa kaka kwa dada vizazi na vizazi hata wote wakawa kama pacha. Ngozi ya jike ukimshonea jike mwenzake, inashika na kuota manyoya. Ukimshonea dume, inashika vilevile. Lakini ngozi ya dume kwenye mgongo wa jike huanza vizuri, laini na ya waridi. Wiki zikipita unafungua kizimba unakuta ukingo umekakamaa, rangi imekuwa kahawia, mwisho inabanduka kama gaga la kidonda. Watafiti Eichwald na Silmser waliliripoti jambo hilo mwaka 1955. Kromosomu Y ya dume inatengeneza protini chache ambazo jike hana, na seli T za jike, askari wa kinga ya mwili, zinaziona ngeni. Ukimpandikiza tena ngozi ya dume, anaikataa upesi zaidi: kinga imekumbuka.

Jaribio lisilo na ulinganisho wa jike kwa jike silikubali kabisa. Hiyo nayo ikibanduka, kosa ni la mshono au usaha. Niliwahi kutupa kazi ya mwezi mzima kwa sababu hiyo, na iliniuma sana.

Protini hizo za dume ni antijeni ndogo, yaani alama ambazo kinga inaweza kuziona ngeni. Kubwa ni H-2, alizozigundua Peter Gorer huko London miaka ya 1930, kisha George Snell akazichambua Bar Harbor, Marekani, na kupata Nobel mwaka 1980. Zikitofautiana, ngozi mara nyingi haivuki wiki mbili.

Kwetu binadamu zinaitwa HLA. "Shangazi, chukulia baba ana vitenge viwili, mama viwili. Kila mtoto anapewa kimoja cha baba na kimoja cha mama." Akatenga dagaa wanne kwenye ungo, akawapanga wawili wawili, akawapangua. Ndugu wawili kupata jozi ileile ni bahati ya moja kwa nne.

"Na wakilingana, dawa za kutuliza kinga za nini tena?"

"Zile ndogo, Shangazi. Kama za yule panya dume."

Akanyamaza kidogo. "Basi waende wakapimwe wote."