Kiuno kinauma baada ya sindano: si saratani iliyohamia mifupani

Juzi saa nne usiku kijana mmoja alinipigia simu. Mama yake alikuwa amemaliza dripu ya tatu ya kemo, yaani dawa za saratani, siku nne kabla. "Dokta, imeshaingia kwenye mifupa." Nikamuuliza: sindano za tumboni amechomwa lini? Juzi, jana na leo. Kiuno, nyonga na kifua katikati vinapwita kama jipu. Na tayari jirani ameshawaambia kwamba ikifika mifupani hakuna tena tiba.

Mimi ni mfamasia wa kliniki ya saratani, na simu hii nimeipokea mara nyingi mno. Kuna wanaoacha dripu kwa neno la jirani. Linaniuma sana.

Sindano hizo ni za filgrastimu. Huusukuma uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, utengeneze seli nyeupe za damu, askari wa mwili dhidi ya maambukizi, zilizoangushwa na kemo. Kwa mtu mzima, uboho unaotengeneza damu uko zaidi kwenye nyonga, uti wa mgongo, mbavu, mfupa wa kifua na sehemu ya juu ya paja. Huko ndiko kunakouma. Maumivu huanza siku moja au mbili baada ya sindano, hushika sehemu kadhaa kwa pamoja, mara nyingi yakipwita, kisha hutulia sindano zikiisha. Saratani iliyohamia mfupani haifuati ratiba ya sindano. Mara nyingi hung'ang'ania mahali pamoja, huzidi wiki hadi wiki, humwamsha mtu usiku.

Hapa nina ugomvi na wenzangu wa wodini pia. Ili kumtuliza mgonjwa tunamwambia, "Ukiona inauma ujue dawa inafanya kazi." Jamani, tuache. Mama wa kitanda cha pili haumwi popote, amelisikia hilo, na sasa anaamini sindano zake zimepotea bure. Wapo wengi wasioumwa kabisa na seli zao zinapanda vizuri. Kupanda kwa seli huonekana kwenye kipimo cha damu. Ukali wa maumivu hauoneshi lolote.

Panadol ndiyo dawa ya kwanza, gramu moja, isizidi gramu nne kwa siku. Lakini kipimajoto kwanza! Siku hizo seli nyeupe ziko chini, na huenda homa ikawa dalili pekee ya maambukizi. Panadol huishusha, mgonjwa akajiona nafuu huku wadudu wakienea kwenye damu. Pima, soma, ndipo umeze. Ikifika 38, nenda hospitali usiku huo huo. Mama wa yule kijana alikuwa na 36.8, akameza, akalala.

Diklofenaki na ibuprofeni usijinunulie dukani. Naprokseni, ndugu yao, imejaribiwa kwa maumivu haya na huyapunguza kweli, ila chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikiwa chini damu inaweza kuvuja, na anayepewa sisplatini, mojawapo ya dawa za kemo, figo zake tayari zina mzigo.

Halafu loratadini, kidonge cha mzio cha miligramu 10. Wagonjwa wangu kadhaa wanaapa kwamba imewaokoa. Majaribio yaliyofanywa hayakubaliani, na mimi nina mashaka, kwa sababu maumivu haya huisha yenyewe ndani ya siku chache, na kidonge kilichomezwa siku ya tatu ndicho kinachosifiwa. Bado naipendekeza kwa kuwa haina madhara makubwa. Sidai kwamba ni tiba.

Paklitakseli, dawa nyingine ya kemo, nayo huleta maumivu ya misuli na viungo siku mbili tatu baada ya dripu, kisha huondoka. Letrozoli na anastrozoli, vidonge vya saratani ya matiti, ni habari nyingine: vidole na magoti hukaza asubuhi, kwa miezi. Kutembea na mazoezi husaidia, na daktari anaweza kukubadilishia kidonge. Usiache kimyakimya, maana vidonge hivyo humezwa miaka mitano au zaidi.

Ninapokwama ni kwa mgonjwa ambaye saratani ilishafika mifupani kabla ya sindano. Hapo maumivu mawili huchanganyika, na kwa simu siwezi kuyatenganisha. Nasubiri sindano ziishe. Yakibaki, naomba daktari aagize picha. Lakini miguu ikilegea, ikifa ganzi, au mkojo ukigoma kutoka, huenda uti wa mgongo unabanwa. Hiyo haisubiri kesho wala simu yangu. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.