Umbo la ajabu si mbwembwe tu

Watu wakiona picha ya jengo lisilo la kawaida, hukimbilia kusema ni mbwembwe: msanifu alitaka sifa, mwenye fedha akakubali. Mara nyingi sivyo.

Tazama Msikiti Mkuu wa Djenné, nchini Mali, uliojengwa kwa udongo mwaka 1907. Kutani mwake kumechomoza safu za vichwa vya magogo ya mti wa mvumo. Kwa mbali utadhani miiba ya nungunungu. Wengi huyaita pambo, na kweli yanapendeza. Lakini mvua huula udongo, kwa hiyo kila mwaka wakazi huupaka upya. Mafundi hupanda na kukanyaga magogo hayohayo, huku makapu ya tope yakipandishwa kutoka chini. Kwa maneno mengine, jukwaa la fundi limeachwa ukutani moja kwa moja.

Jumba la Opera la Sydney, lililofunguliwa 1973, nalo husemwa ni matanga ya kuchorachora tu. Kilichowezesha kujengwa kwake ni hesabu: msanifu wake, Jørn Utzon, aliyakata mapaa yote kutoka tufe moja lenye nusu kipenyo cha mita 75 hivi, zege likamiminwa kwenye kalibu zilezile tena na tena.

Mbwembwe halisi zipo, sikatai. Huko Newark, Ohio, Marekani, kampuni ya vikapu ilijijengea ofisi ya ghorofa saba yenye umbo la kikapu, pamoja na mikono yake ya kubebea. Hata mikono hiyo iliwekewa mfumo wa kupasha joto, barafu isiiharibu.