Mary Poppins Haikurekodiwa London, na Dhana Nyingine Potofu Kuhusu Filamu za Muziki za Uingereza

Mwombe mpenzi yeyote wa filamu za nyimbo akutajie tano bora za Uingereza. Kabla hajafika ya tatu atakuwa ameshataja *Mary Poppins* na *My Fair Lady*. Si vigumu kumwelewa: zote mbili ni za 1964, hadithi zote zinatokea London, na kila unayemwona humo ana kofia au mwavuli. Lakini zote mbili zilitengenezwa Burbank, California, moja na Walt Disney na nyingine na Warner Bros.

Ile London ya mapaa na dohani anakoruka Mary Poppins ni rangi juu ya kioo, kazi ya mchoraji Peter Ellenshaw. Yeye alizaliwa London, pengine ndiyo maana ule ukungu wa jioni unaaminika hivyo. Watunzi wa nyimbo, ndugu Richard na Robert Sherman, ni Wamarekani. P. L. Travers aliyeandika vitabu vyenyewe alizaliwa Australia. Naye Dick Van Dyke, Mmarekani aliyeigiza msafisha dohani, aliivuruga lafudhi ya London kiasi kwamba mwaka 2017, BAFTA, taasisi ya filamu ya Uingereza, walipompa heshima, aliomba radhi hadharani. Waingereza wamo, Julie Andrews akiwa wa kwanza, ila uraia wa mwigizaji hauwi uraia wa filamu. Mimi hutazama nani aliishika kazi na ilifanyiwa wapi. Hadithi inatokea mji gani ni suala jingine.

"Bugsy Malone na Mamma Mia! si za Waingereza"

Ukitumia kipimo hicho, mambo yanageuka. *Bugsy Malone* (1976) inahusu majambazi wa New York enzi pombe ilipopigwa marufuku Marekani. Waigizaji wote ni watoto. Magari wanayaendesha kwa kukanyaga pedeli, na bunduki zao zinatema krimu badala ya risasi, ukipakwa, umekwisha. Mwongozaji ni Alan Parker, mtoto wa Islington, London, na hiyo ndiyo filamu yake ndefu ya kwanza kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema. New York yake ilijengwa Pinewood, studio zilizo nje kidogo ya London. Nyimbo alizitunga Mmarekani, Paul Williams, lakini utani wa kuwakabidhi watoto jambo zito na kuwataka walicheze bila kucheka ni wa Kiingereza mtupu. Kwangu inazishinda nyingi zenye mabasi mekundu na Malkia.

*Mamma Mia!* (2008) ina nyimbo za Waswidi, kisiwa cha Skopelos cha Ugiriki na Meryl Streep wa Marekani. Walioibeba tangu ilipoanza jukwaani London mwaka 1999 ni wanawake watatu Waingereza: mtayarishaji Judy Craymer, mwandishi Catherine Johnson na mwongozaji Phyllida Lloyd. Hata ua wa ile hoteli ya kilimani ulisimamishwa Pinewood.

Na *Chitty Chitty Bang Bang* (1968) si ya Disney, ingawa Van Dyke na ndugu Sherman wamo tena. Ilitoka jikoni kwa James Bond: kitabu ni cha Ian Fleming, mtayarishaji ni Albert Broccoli, na Roald Dahl alishiriki kuandika hati. Safari hii Van Dyke alibaki na lafudhi yake.

"Unayemwona ndiye anayeimba"

*Oliver!* ya Carol Reed ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ilirekodiwa Shepperton, studio nyingine karibu na London, ikachukua Oscar ya filamu bora ya 1968, na hakuna filamu nyingine ya muziki iliyoipata tuzo hiyo mpaka *Chicago* mwaka 2003. Pale Oliver anapoamka kwenye nyumba ya kitajiri, akaenda dirishani, na mtaa mzima ukajaa wauza maua, wauza maziwa na wanoa visu wakiimba, sauti ile nyembamba si ya Mark Lester. Mtoto hakuweza kuimba. Aliyeimba ni Kathe Green, mwanamke mtu mzima, binti wa mkurugenzi wa muziki wa filamu hiyo, Johnny Green. Ikawa siri kwa miaka mingi. Katika *Bugsy Malone* pia watoto wanachezesha midomo tu; walioimba ni watu wazima, na hapo hata hawakujaribu kuficha.

Sisi tuliokulia kwenye filamu za Kihindi hatuna haja ya kushtuka. Lata Mangeshkar aliwaimbia waigizaji wa vizazi kadhaa na jina lake likajulikana kuliko la wengi wao. Tofauti ni kwamba kule Burbank, Marni Nixon aliimba sehemu kubwa ya nyimbo za Audrey Hepburn katika *My Fair Lady*, na jina lake halikuandikwa popote kwenye filamu.

"Zilianza na Beatles"

Miaka 30 kabla ya *A Hard Day's Night*, filamu ya Beatles ya 1964, Jessie Matthews alikuwa akicheza dansi katika *Evergreen* (1934). Mwaka huohuo Gracie Fields wa Rochdale alitoa *Sing As We Go*, hadithi ya mfanyakazi wa kiwanda kilichofungwa anayekwenda Blackpool kutafuta riziki.

Kisha kuna Paul Robeson, mwimbaji mweusi wa Marekani aliyekuwa akiishi London. Aliimba katika *Sanders of the River* (1935), filamu inayousifu ukoloni wa Waingereza Nigeria. Kati ya waliovikwa mavazi ya machifu yumo Jomo Kenyatta, aliyekuwa London akisoma na kupigania ardhi ya Wakikuyu, huku akihitaji hela ya kula. Robeson alikuja kuikana filamu hiyo. Aliyojivunia ni *The Proud Valley* (1940), anakoimba na wachimba makaa wa Wales.

"Les Misérables ndiyo ya kwanza kuimbwa laivu"

Ilipotoka mwaka 2012 ilinadiwa hivyo kila mahali. Waigizaji walivaa vipaza sauti vidogo masikioni, wakamsikiliza mpiga piano na kuimba mbele ya kamera. Okestra ikaongezwa baadaye. Kazi nzuri, ila si ngeni. Filamu za kwanza zenye sauti ziliimbwa hivyohivyo, okestra ikiwa imeketi pembeni ya seti. Na Rex Harrison, aliyekuwa hawezi kurudia wimbo kwa namna ileile mara mbili, alikataa kurekodi mapema nyimbo zake za *My Fair Lady*, akafichiwa maikrofoni isiyo na waya ndani ya tai. Alipata Oscar. Russell Crowe naye aliimba laivu katika *Les Misérables*, na kwa masikio yangu ingefaa atafutiwe Marni Nixon wa kiume.