Jani la Njano Haliombi Maji

"Lakini mimi naumwagilia kila siku!" Sentensi hii naisikia karibu kila ninapoletewa mmea mgonjwa, na anayeisema huisema kama utetezi. Wiki hii nimeisikia mara tatu. Ya mwisho ilitoka kwa mama mmoja aliyeipakata Spathiphyllum yake, ule mmea wa sebuleni wenye ua jeupe, kama mtoto mwenye homa. Majani yalikuwa yamelala ukingoni mwa chungu, na mawili ya chini yameshakuwa njano tupu. Alipokiweka chungu mezani nilijua tatizo kabla hajavuta kiti, kwa sababu meza ilitoa kishindo. Chungu cha plastiki cha ukubwa ule hakitakiwi kuwa kizito hivyo.

Nilimwomba ruhusa, nikakiinamisha, nikauchomoa mmea taratibu. Harufu ilitangulia, harufu ya mtaro uliotuama. Mizizi ilikuwa ya kahawia, na nilipoushika mmoja kwa vidole viwili nikavuta, ganda lake lilivuka likabaki vidoleni kama ute, ukaning'inia uzi mwembamba tu. Mzizi mzima huwa mweupe au wa rangi ya maziwa, tena mkakamavu. "Kwa hiyo maji nilikuwa nampunja?" akaniuliza. Hapana, mama. Mmea wako umezama.

Basi niandike, maana naona nitayarudia haya mpaka sauti inikauke.

Watu wanaamini kwamba mmea ukilegea au ukiota njano, una kiu. Imani hii ndiyo inayoua mimea mingi ya ndani kuliko wadudu, ubaridi na giza vikijumlishwa katika yote niliyoletewa mimi. Na wanaoua kwa njia hii ni wale wanaoijali mimea yao kuliko wote. Ndiyo maana inaniuma.

Mzizi unapumua. Jani linatengeneza sukari kwenye mwanga, lakini mzizi uko gizani. Unaletewa sukari ile kutoka juu na unaichoma kwa oksijeni ili upate nguvu ya kukua na kufyonza madini. Oksijeni hiyo inatoka kwenye vijinafasi vya hewa vilivyo kati ya chembe za udongo. Ukivijaza maji leo, kesho na keshokutwa, umeifunga ile hewa nje, kwa sababu oksijeni hupenya ndani ya maji polepole karibu mara 10,000 kuliko inavyopenya hewani. Ile kidogo iliyokuwamo inatumika, kisha inakwisha. Mzizi uliokosa pumzi hushindwa hata kazi yake ya kupandisha maji. Hapo ndipo majani yanapolegea, huku chini mmea umesimama kwenye maji.

Mwenye mmea anafika, anaona majani yamelala, anachukua kopo. Anaongeza.

Baada ya hapo wanakuja wengine kumalizia. Pythium na Phytophthora, vimelea vya kuozesha mizizi, huzaa chembe zenye mikia zinazoogelea. Kwenye udongo wenye hewa hazifiki mbali. Kwenye chungu kilichojaa maji zinasafiri kutoka mzizi hadi mzizi bila kizuizi, tena zinaikuta mizizi imeshadhoofika. Ukishasikia ile harufu, elewa kwamba kazi hiyo imeshaanza.

Utajuaje kiu ya kweli? Usilisikilize jani peke yake, kwa sababu mmea wenye kiu na mmea uliozama vyote hulegea. Kiinue chungu. Kikiwa chepesi, udongo umekauka na umejitenga na kuta za chungu, hiyo ni kiu. Ukiunywesha vizuri, majani yatasimama ndani ya saa chache. Kikiwa kizito na udongo umelowa ilhali majani yamelala, maji ndiyo ugonjwa. Jani lililokauka kwa kiu aghalabu huanzia kingoni, linakuwa kahawia na kukatika kama karatasi. Jani la mmea uliozama huwa laini, la njano, na mara nyingi huanzia chini. Lakini hata hapo uwe na kiasi: jani la chini likizeeka huota njano na kuanguka, moja moja, na huo ni uhai wa kawaida. Niliwahi kuona Monstera, ule mmea wa majani makubwa yenye matundu, yenye afya kabisa ikizamishwa kwa sababu ya jani moja zee.

Swali linalofuata kila mara ni hili: "Basi nimwagilie mara ngapi kwa wiki?" Silijibu. Nimeacha kulijibu, na naomba msinione nina kiburi. Mmea uleule, ukiwa dirishani kwenye chungu cha udongo wa kufinyanga, unaweza kukauka kwa siku nne; ukiusogeza pembeni, kwenye chungu cha plastiki, siku za mvua na mawingu, utakaa na unyevu wiki mbili. Kinachokausha chungu ni mwanga, joto, upepo, ukubwa wa mizizi na aina ya udongo. Hakuna hata kimoja kinachojua leo ni Jumamosi. Ingiza kidole hadi kiungo cha pili. Ukikuta unyevu, ondoka. Kwa Spathiphyllum, Monstera na jamaa zao, subiri sentimita tatu nne za juu zikauke. Kwa Sansevieria, yenye majani marefu kama upanga, na Zamioculcas, yenye vijani vinene vinavyong'aa, subiri chungu kizima kikauke, kisha ongeza siku kadhaa. Zamioculcas, ambayo asili yake ni mashariki ya Afrika kushuka hadi Afrika Kusini, ina viazi vyake ardhini vya kuwekea maji ya kiangazi. Mmea uliojiwekea akiba hauhitaji kubembelezwa kwa kikombe cha kila asubuhi.

Na ukinywesha, nywesha kwelikweli. Mwaga mpaka maji yatoke chini, acha yachuruzike, kisha kimwage kisahani. Kikombe kidogo kila siku ni kosa la namna yake, maana juu pamelowa daima na katikati ya kifundo cha mizizi huenda pakavu.

Mmea wa yule mama tuliukata mizizi yote iliyooza kwa mkasi uliosafishwa kwa spiriti. Vichipukizi vitatu vilikuwa bado na mizizi myeupe, tukaviotesha kwenye udongo mpya mwepesi, ndani ya chungu kidogo kinachoitosha mizizi iliyobaki. Bila mbolea, mbali na jua kali. Alitaka chungu kikubwa zaidi "kipate nafasi ya kupona". Nikakataa.

Hapo nalo ni jambo. Chungu kikubwa hakiharakishi mmea kukua. Udongo ambao mizizi haijaufikia hakuna wa kuunywa maji yake, kwa hiyo unakaa umelowa na tunarudi kulekule kwenye kuoza. Unapohamisha mmea, ongeza upana wa sentimita tatu hadi tano, usizidishe.

"Mimi nimeweka kokoto chini, maji hayatuami." Hii ni ya pili kwa kunichosha, na imeandikwa mahali pengi mno. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka ule udongo wa juu yake uwe umeshiba kabisa, kwa sababu vijinafasi vidogo huyashika maji kwa nguvu kuliko vikubwa. Kila chungu kina tabaka la chini linalobaki limelowa baada ya maji kuacha kuchuruzika. Ukiweka kokoto hulitoi tabaka hilo. Unalipandisha juu, karibu zaidi na mizizi.

Usiniamini mimi, chukua sifongo ya kuoshea vyombo. Iloweshe, ishike ikiwa imelala bapa, ngoja mpaka tone la mwisho lidondoke. Sasa isimamishe kwa wima. Maji yataanza kutoka tena, ingawa sifongo ni ileile. Kadiri kimo kinavyokuwa kirefu ndivyo maji yanavyoshuka na kutoka. Kokoto zinakifupisha kimo cha udongo wako, yaani zinailaza sifongo. Kinachohitajika ni matundu chini na udongo wenye chenga ndani yake wote: makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, perlaiti (zile chenga nyeupe nyepesi za mawe), vipande vidogo vya mkaa, maganda ya miti. Kama tundu linapitisha udongo, weka kipande cha wavu. Na ikiwa umenunua chungu cha pambo kisicho na tundu, kitumie kama ganda la nje tu. Mmea ukae kwenye chungu chake chenye matundu ndani yake, uutoe wakati wa kunywesha.

Mbolea kwa mmea mgonjwa ni dhana nyingine ninayokutana nayo, na hapa sina maneno mengi. Mbolea ni chumvichumvi za madini. Mzizi uliojeruhiwa ukipewa chumvi nyingi unazidi kupoteza maji. Ponya mizizi kwanza, ngoja jani jipya, ndipo ulishe, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Kunyunyizia majani ili "kuongeza unyevu wa hewa": ukungu ule unakauka kwa dakika chache na hewa inarudi ilivyokuwa. Kinachobaki ni majani yaliyolowa, na bakteria na kuvu wa madoa hupenda majani yaliyolowa. Ikusanye mimea pamoja, inasaidiana. Saintpaulia, ule mmea mdogo wa maua ya zambarau, mzaliwa wa milima ya Usambara aliyepewa jina hilo la kisayansi mwaka 1893, ina majani ya manyoya yanayopata mabaka ya mviringo yakiguswa na maji baridi, kwa hiyo hiyo usiinyunyizie kabisa. Na kwa kuwa tumefika hapo: wale wanaosema matone huunguza majani kama kioo cha kukuzia, majaribio ya mwaka 2010 ya wanasayansi wa Hungaria yalionyesha kwamba kwenye majani laini matone hayaunguzi, isipokuwa kwenye majani ya manyoya yanayolinyanyua tone juu ya ngozi ya jani.

"Ni mimea ya tropiki, kwa hiyo inataka jua." Mingi ya tunayoiweka sebuleni hukua chini ya miti mirefu, kwenye sakafu ya msitu inayopata asilimia moja au mbili tu ya mwanga wa juu, au imejishikiza kwenye shina la mti mwingine. Iweke ghafla kwenye jua la saa saba, jani litapauka na kuungua kwa mchana mmoja. Lakini tafadhali, msikimbilie upande wa pili. Kivuli cha msituni si giza la ukumbini. Jicho letu linatudanganya kwa sababu linajirekebisha: jua la utosini hufikia lux (kipimo cha mwanga) 100,000 hivi, na mita chache kutoka dirishani mwanga huo huenda usifike hata 500, wewe ukaona chumba kinang'aa. Mmea utakaa pale miezi, ukiishi kwa akiba yake, ukitoa vijani vidogo vyenye vikonyo virefu vinavyoelekea dirishani. Halafu kwa kuwa hautumii maji, kikombe cha kila siku kinaumaliza. Usogeze karibu na dirisha, ukiwa na pazia jepesi.

Kulala na mimea chumbani hakutakunyima hewa. Mmea unapumua usiku, ndiyo, ila mtu mmoja aliyelala kando yako anatumia oksijeni nyingi mno kuliko vyungu vyote vya chumbani. Wanaodai kwamba Sansevieria hutoa oksijeni usiku nao wamekosea: usiku inafungua vinyweleo vyake na kuingiza kabonidioksaidi ya kuweka akiba, oksijeni inatoka mchana kukiwa na mwanga.

Kuhusu kusafisha hewa, watu hutaja utafiti wa mwaka 1989 wa Wolverton, mwanasayansi wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani. Ulifanywa kwenye masanduku yaliyofungwa yasipitishe hewa, na nyumba si sanduku. Mwaka 2019 Cummings na Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel walipitia majaribio ya namna hiyo wakakokotoa: ili mimea ishindane na hewa inayoingia na kutoka tu katika jengo la kawaida, ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Fungua dirisha. Mmea ufuge kwa sababu unaupenda.

Mwisho ni mafuta, maziwa na bia za kung'arishia majani. Mafuta yanashika vumbi na kuziba vinyweleo, maziwa yanaganda na kunuka. Kitambaa laini chenye maji kinatosha. Liweke jani kwenye kiganja cha mkono mmoja, ufute kwa mwingine, kuanzia kikonyoni kwenda nchani, kisha uligeuze ufute na upande wa chini. Utitiri hujificha huko, pembeni mwa mshipa wa kati, na utando wao huonekana mapema ukilielekeza jani kwenye mwanga.