Mkataba wa muda na michango ya NSSF: yanayosemwa na yaliyo kweli

Katika kampuni nyingi za Tanzania Bara utakuta watu wawili wanafanya kazi ileile kwenye meza zinazotazamana. Mmoja ana ajira ya kudumu na slipu yake ya mshahara ina mstari wa makato ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mwingine ana mkataba wa miezi sita au mwaka, na mstari huo haupo. Akiuliza anaambiwa, "Wewe ni wa mkataba." Jibu hilo limezoeleka hadi maofisa rasilimali watu wenyewe wanaliamini, na linawapotezea watu pesa zao za uzee.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, Sura ya 50, iliyotungwa mwaka 1997 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2018. Tangu mabadiliko hayo ya 2018, PSSSF inahudumia watumishi wa umma, na NSSF inahudumia sekta binafsi pamoja na waliojiajiri. Zanzibar wana mfuko wao, ZSSF, wenye sheria na viwango vyake, kwa hiyo hesabu zilizo hapa chini ni za Bara.

"NSSF ni ya walioajiriwa kwa masharti ya kudumu"

Sheria haikuwagawa wafanyakazi kwa urefu wa mkataba. Inaangalia kama kuna mtu anayefanya kazi chini ya mwajiri kwa malipo. Mkataba wa miezi mitatu, wa mwaka, wa msimu wa mavuno au wa kazi maalumu, wote unazaa wajibu uleule. Hata mapatano ya mdomo ni ajira. Mwajiri asiyeandika mkataba hajaukwepa mchango, amejinyima tu ushahidi wa upande wake.

Kipindi cha majaribio nacho ni vivyo hivyo. Wako wanaosubiri mfanyakazi "athibitishwe" ndipo wamsajili. Mchango unafuata mshahara, na mshahara wa mwezi wa kwanza ni mshahara. Ukimchelewesha mtu miezi sita ya majaribio, umeacha deni la miezi sita linaloongezeka tozo huku wewe ukidhani hujaanza kudaiwa.

Kibarua wa kulipwa kwa siku hahitaji fomula ya ajabu. Jumlisha alichopata ndani ya mwezi. Saidia fundi anayelipwa 15,000 kwa siku na kufanya kazi siku 20 amepata 300,000. Mchango wake ni asilimia 20, yaani 60,000, ambapo 30,000 inatoka kwake na 30,000 kwa mwajiri. Kwenye ujenzi tatizo huwa ni daftari: majina ya utani, siku hazikuandikwa, na fundi mkuu amepewa fedha za mkupuo agawe mwenyewe. Bila orodha yenye jina kamili na namba ya NIDA hakuna atakayeweza kumwekea mtu mchango wake hata akitaka.

"Mfanyakazi ametia saini kwamba ni mtaalamu mshauri, kwa hiyo anajitegemea"

Hapa ndipo penye ujanja mwingi zaidi. Mtu anaripoti saa mbili asubuhi, ana msimamizi, anatumia kompyuta ya kampuni, anaomba ruhusa akiumwa, lakini mkataba wake unaitwa "wa huduma za ushauri". Kila tarehe 25 anaandika ankara kwa TIN yake, anakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, basi.

Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa, hata mkataba wake uwe wa namna gani, ikiwa lolote kati ya mambo saba lipo: namna anavyofanya kazi inaelekezwa na mwingine, saa zake za kazi zinapangwa na mwingine, yeye ni sehemu ya taasisi anayoifanyia kazi, amefanya kazi kwa mtu huyo wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kipato chake kinamtegemea mtu huyo, anapewa vitendea kazi, au anamfanyia kazi mtu mmoja tu. Moja linatosha. Kikishapatikana kimoja, mzigo wa kuthibitisha vinginevyo unahamia kwa mwajiri.

Wengi husoma vibaya hizo saa 45, wakidhani ni za wiki. Ni za mwezi. Mhasibu anayekuja siku mbili tu kwa wiki, saa nane kila siku, anafikisha saa 64 katika wiki nne.

Kinachofanya watu wakubali mkataba wa namna hii ni fedha anayoondoka nayo mkononi, kwa hiyo tuweke hesabu wazi. Chukua malipo ya 600,000 kwa mwezi, kwa viwango vya PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, vinavyotumika tangu Julai 2021.

Akichukuliwa kama mwajiriwa, anakatwa 60,000 ya NSSF. Mchango huo hutolewa kabla ya kukokotoa kodi, kwa hiyo kiasi kinachotozwa kodi ni 540,000. Kwa kiwango hicho PAYE ni 24,000: 20,000 kwa fungu la kati ya 270,000 na 520,000 linalotozwa asilimia 8, na 4,000 kwa 20,000 iliyobaki inayotozwa asilimia 20. Anaondoka na 516,000. Mwajiri anaongeza 60,000 yake, na NSSF inapokea 120,000 kwa jina la mfanyakazi.

Akichukuliwa kama mshauri, anakatwa kodi ya zuio 30,000 na kuondoka na 570,000. Anaona amepata 54,000 zaidi. Kwenye akaunti yake ya NSSF hakuna kitu. Kwa mwaka mzima amepata 648,000 ya ziada na kupoteza michango ya 1,440,000, ambayo nusu yake haikuwa itoke mfukoni mwake kabisa. Anayefaidi hasa ni mwajiri, aliyebakiza 60,000 kila mwezi pamoja na michango mingine tutakayoigusa chini. Siku akija mkaguzi wa NSSF na kumtambua mtu huyo kuwa mwajiriwa, anayedaiwa ni mwajiri.

Bila shaka wapo wanaojitegemea kwelikweli. Fundi bomba mwenye vifaa vyake na wateja kumi, anayejipangia siku na kutaja bei yake mwenyewe, si mwajiriwa wa mwenye nyumba. Huyo anaweza kujiunga na NSSF kwa hiari kupitia utaratibu wa waliojiajiri. Lakini akiwa na vijana wawili anaowalipa yeye, kwao yeye ndiye mwajiri.

"Mfanyakazi mwenyewe ameandika barua kwamba hataki kukatwa"

Uanachama wa mwajiriwa ni wa lazima, si chaguo, na makubaliano ya watu wawili hayafuti matakwa ya sheria. Barua hiyo haimlindi mwajiri mbele ya mkaguzi. Inamdhuru, kwa sababu inathibitisha kwamba alijua mfanyakazi yupo na hajasajiliwa.

Tunaelewa kwa nini watu huomba hivyo. Mshahara ni mdogo, kodi ya nyumba inasubiri, na uzee uko mbali. Jibu sahihi kwa ombi hilo ni kumwonyesha hesabu: kwa kila 10,000 anayokatwa, mwajiri analazimika kumwekea nyingine 10,000.

"Mshahara wako ni jumuishi, asilimia 20 yote inatoka humo"

Sheria inamdai mwajiri asilimia 20 nzima ya mshahara, kisha inamruhusu kukata kwa mfanyakazi kiasi kisichozidi nusu yake, yaani asilimia 10. Anaweza kukata pungufu na kufidia mwenyewe. Hawezi kukata zaidi, hata mkataba useme hivyo.

Mpangilio huu una maana kubwa kuliko inavyoonekana. Mwajiri akisahau kukata, Mfuko haumfuati mfanyakazi. Unamfuata mwajiri kwa asilimia 20 zote. Akikata na asipeleke, hali ni mbaya zaidi, maana ameshika fedha ya mtu mwingine, na hilo ni kosa la jinai. Kisingizio cha "mteja hajatulipa" hakitambuliki.

Msingi wa hesabu nao huchezewa. Kwa NSSF mchango hukokotolewa kwenye mshahara ghafi. Kampuni inayomlipa mtu 900,000 lakini ikaandika mshahara wa msingi 300,000 na kuchangia kwa hiyo 300,000 peke yake inampunguzia pensheni kwa theluthi mbili. Kosa hili halionekani kirahisi kwa sababu mstari wa NSSF kwenye slipu upo, na mwanachama huridhika kuuona. Chukua kiasi kilichokatwa, zidisha mara kumi, ulinganishe na jumla ya mshahara wako kabla ya makato.

"Sina wafanyakazi kumi, kwa hiyo hainihusu"

Hapa watu huchanganya NSSF na tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL. SDL ndiyo yenye kikomo: tangu mwaka 2021 inatozwa kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi, na Julai 2023 kiwango chake kilishushwa hadi asilimia 3.5. NSSF haina kikomo hicho. Duka lenye mhudumu mmoja lina wajibu.

Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao sekta binafsi inauchangia asilimia 0.5 ya mishahara tangu Julai 2022. Huu hulipwa na mwajiri peke yake. Ukiona WCF kwenye makato yako, umekatwa isivyo halali, hata kama ni 3,000 tu kwa mshahara wa 600,000. Na mfanyakazi wa mkataba akianguka kutoka jukwaa la ujenzi akiwa hayumo kwenye orodha ya mishahara iliyopelekwa WCF, dai lake linaanza kwa ubishi wa kama aliajiriwa au la, wakati amelala hospitali.

"Atalipwa kiinua mgongo mkataba ukiisha, inatosha"

Kiinua mgongo cha mwisho wa mkataba ni makubaliano kati ya pande mbili. Ni kizuri, lakini hakichukui nafasi ya mchango wa lazima. Kinatumika mara moja kikaisha. Mchango unajenga haki ya pensheni, mafao ya uzazi na mafao ya warithi.

Haki hizo zinahesabiwa kwa miezi, na ndiyo sababu mfanyakazi wa mikataba mifupi anaumia kuliko mwingine yeyote. Pensheni ya uzee inahitaji miezi 180 ya michango. Miezi hiyo si lazima iwe ya mwajiri mmoja wala ifuatane; mikataba 15 ya mwaka mmoja mmoja kwa waajiri tofauti inatosha, mradi kila mmoja amechangia. Fao la uzazi linahitaji michango ya miezi 36, na kati yake 12 iwe ndani ya miaka mitatu kabla ya kujifungua. Fao la kukosa ajira linahitaji angalau miezi 18, na halilipwi kwa aliyeacha kazi kwa hiari yake, kwa hiyo omba barua inayosema wazi kwamba mkataba umefika mwisho. Usikubali kuandika barua ya kuacha kazi "ili faili lifungwe vizuri".

Kwa hesabu hiyo, mwajiri asiyechangia miezi mitano tu anaweza kumwacha mama na michango 31 pale alipohitaji 36.

"Mkataba mpya, namba mpya"

Namba ya uanachama ni moja maisha yote. Ukisajiliwa upya kila unapobadili kazi, michango yako inatawanyika kwenye akaunti mbili tatu, na kuziunganisha wakati wa kudai mafao huchukua muda. Mpe mwajiri mpya namba ya zamani siku unayosaini. Hakikisha majina yaliyoko NSSF yanafanana herufi kwa herufi na ya NIDA.

Kwa upande wa mwajiri, mchango unatakiwa uwe umefika ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kuisha: wa Januari, mwisho wa Februari. Makosa ya kila siku hutokea kwenye orodha inayoambatana na malipo. Mhasibu anarudia ya mwezi uliopita, aliyeondoka anaendelea kuchangiwa, na aliyeingia juzi hayumo. Orodha ihakikiwe dhidi ya daftari la mishahara la mwezi huohuo kabla ya kuomba kumbukumbu namba ya malipo.

"Kampuni ya wakala ndiyo imewaajiri, sisi tunatumia huduma tu"

Walinzi, wafanya usafi na wapakiaji wengi wako kwenye mpangilio huu. Ikiwa wakala ndiye aliyesaini mikataba yao na ndiye anayewalipa, mchango unaanzia kwake. Lakini kampuni inayopokea huduma inajua bei iliyokubali. Kama bei kwa mlinzi mmoja haitoshi kulipa kima cha chini, asilimia 10 ya mwajiri na WCF, kila aliyekaa kwenye zabuni hiyo anajua kitakachokatwa kwanza. Weka kwenye mkataba sharti la wakala kuleta kila mwezi risiti ya NSSF pamoja na orodha ya majina, kisha linganisha majina na watu unaowaona getini. Risiti bila orodha haionyeshi ni nani aliyechangiwa.

"Mkataba umeisha, siwezi kudai tena"

Deni la michango halifi na mkataba. Peleka malalamiko ofisi ya NSSF iliyo karibu, ukiwa na mkataba au ujumbe wowote wa kuajiriwa, slipu au taarifa ya benki inayoonyesha malipo ya kila mwezi, kitambulisho cha kazi, na taarifa ya michango yako yenye mianya. Mkaguzi ana mamlaka ya kudai daftari la mishahara. Kama mgogoro unahusu pia kuachishwa kazi isivyo haki, huo unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Migogoro mingine ya kazi ina siku 60. Usingoje NSSF imalize ukaguzi ndipo uende Tume, kwa sababu siku hizo zinahesabiwa zenyewe.